Benchi la Picha, Wamaza

23 Septemba 1956

Daftari hili mume wangu Zéphirin amelileta kutoka Albertville ili tuandike majina ya wateja. Wateja wenyewe hawapo, na kurasa ni nzuri, zina mistari ya buluu, kwa hiyo nimelichukua mimi. Masista wa Kasongo walinifundisha kuandika, na tangu niolewe kalamu yangu imefanya kazi ya barua za majirani tu. Sasa ifanye yangu.

Mume wangu amerudi leo. Alikuwa akifanya kazi katika duka la mpiga picha huko Albertville, na nilikwisha kumwambia kila mwanamke wa Wamaza kwamba ataniletea cherehani. Alipofungua sanduku nikaona kamera ya kukunja, mabeseni ya bati, chupa za dawa, karatasi za picha zilizofungwa ndani ya karatasi nyeusi, na taa yenye kioo chekundu. Nikasubiri atoe na cherehani. Akafunga sanduku, akacheka kwa furaha, akasema tutafungua studio hapa hapa nyumbani, watu waje na familia zao.

Nilikwenda kupika. Ugali ulikuwa mgumu, na nilikusudia uwe mgumu.

24 Septemba

Sijamsemesha. Binti yetu Cécilia ndiye anayepeleka maneno.

27 Septemba

Ni lazima niandike habari ya zile njia mbili, maana mtu wa mbali akisoma atadhani nyumba hii ina wendawazimu.

Tunaishi kijijini kwetu mimi, si kwao Zéphirin, kwa sababu Mama yangu Régina amebaki peke yake na mimi ndimi mtoto aliye karibu. Nyumba yake iko nyuma ya yetu. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni, wala mama mkwe hamtazami yeye. Hawali pamoja, hawapeani mkono. Wakikutana njiani mmoja huingia majanini na kugeuza mgongo mpaka mwenzake apite. Wakitazamana kwa bahati mbaya, mkwe hutoa kuku, na mambo yanakwisha. Ndiyo maana uwanja wetu una njia mbili za kwenda mtoni, ya Mama na ya Zéphirin, nazo zinakaribiana mahali pamoja tu, penye kona ya ghala la karanga.

Usidhani hawapendani. Zéphirin hupasua kuni za Mama na kuziacha kwenye kona, kisha anakohoa na kuondoka. Mama humkaangia karanga na kumtuma Cécilia azipeleke. Anamjua kwa kikohozi na kwa hatua zake. Akiwa na neno la kumwambia hulisema kwangu kwa sauti kubwa, hata kama Zéphirin yuko upande wa pili wa ukuta na anasikia kila kitu.

Leo Mama amesema hivi, uso wake ukinitazama mimi: "Emilienne, kuna mutu alikwenda kutafuta cherehani akarudi na mabeseni. Umuambie mabeseni iko mazuri, mutoto ataoga."

Zéphirin alicheka upande wa pili. Na mimi nilicheka, nikasahau kwamba nimenuna.

3 Oktoba

Studio imesimama. Ni baraza letu la upande wa mashariki. Zéphirin ameondoa ukuta wa matete ili mwanga uingie kutoka ubavuni, na upande wa pili ametundika shuka langu jeupe la harusi ili lirudishe mwanga kwenye shavu lenye kivuli. Nyuma ametundika kitambaa cha amerikani alichokichora kwa chokaa na rangi ya bluu ya kufulia nguo: nguzo mbili, ngazi, na ndege. Mama anasema ndege ni kuku. Katikati kuna benchi refu alilolitengeneza mwenyewe. Ghala la karanga ndilo chumba cha giza. Ameziba kila tundu kwa udongo, akaacha kidirisha kimoja chenye kifuniko cha ubao. Kifuniko kikifunguliwa, mwanga wa jua unachapa picha kwenye karatasi. Kikifungwa, ni giza tena.

Hakununua chochote ila misumari. Sitamwambia, lakini nilivutiwa.

7 Oktoba

Wateja wa kwanza! Baada ya sala amekuja Antoine, katekista wetu, na mke wake na watoto wote na shangazi. Walitumia nusu ya asubuhi kugombania benchi. Antoine alitaka akae yeye peke yake na wengine wasimame, kama picha ya mtu mkubwa aliyoiona misheni. Shangazi akasema yeye ndiye mkubwa wa ukoo na magoti yanamuuma. Zéphirin hakubishana na mtu. Alimketisha shangazi katikati, akamnong'oneza Antoine kwamba anayesimama nyuma ya benchi ndiye anayeonekana mrefu. Antoine akasimama mara moja, kifua mbele.

Kila baada ya kupiga, Zéphirin huzungusha ufunguo ulio juu ya kamera ili filamu isogee. Leo Antoine alimsemesha sana, hata Zéphirin akarudi nyuma kuhakikisha amezungusha. Ananiambia usipozungusha, picha ya pili inakaa juu ya ya kwanza, na zote mbili zimeharibika.

Mtoto wa mwisho alitikisa kichwa, ametoka na vichwa viwili. Mama yake amefurahi, anasema ndivyo alivyo. Walilipa kwa mchele.

14 Oktoba

Mvua.

15 Oktoba

Mvua. Ndege wa kitambaa ameanza kutiririka.

21 Oktoba

Jambo la leo lilianza kama kichekesho. Mvua ilikuja ghafla, Zéphirin akakimbia kuokoa kamera, Mama naye akatoka kuanua muhogo wake. Wakafika kwenye kona ya ghala kwa pamoja, uso kwa uso. Zéphirin alijitupa shimoni, lile tulilochimba udongo wa kuziba ghala, lenye maji ya mvua. Alizama mpaka kiunoni, kamera ameinyanyua juu, mgongo amempa Mama. Nilicheka hata nikakaa chini kwenye matope.

Jioni alitoa kuku, jogoo mwekundu. Nikampelekea Mama. Akaniuliza ni wa nini.

Nikamwambia ni wa kona, wa kuonana.

Mama akampapasa jogoo mgongoni. Kisha akasema, "Mi sikumuona mutu."

Alikuwa hatua chache kutoka kwake. Yeye, ambaye tangu niolewe hajawahi kukosa kugeuka kwa wakati, leo hakugeuka kabisa. Ndipo nikakumbuka muhogo unaobaki na maganda, na jinsi anavyoshika ukuta akitoka. Nikamshika kidevu nikamgeuzia kwenye mwanga. Katikati ya jicho kuna weupe, na katika jicho la pili pia.

Nimekasirika na nafsi yangu, sijui hata niandike nini.

28 Oktoba

Tumefika Kabambare kwa miguu, mimi na Mama, tukilala njiani kwa ndugu. Muuguzi alimulika macho yake akasema weupe utaendelea mpaka ufunge kila kitu, pengine kabla mvua hazijaisha. Kuna daktari mbali huko anayeweza kukata. Mama akasema alizaa watoto wake wote bila kisu, na kisu hakitamjua leo kwa njia ya macho. Nilimbembeleza njia nzima ya kurudi. Aliimba nyimbo za kanisa ili asinisikie.

4 Novemba

Nimelifikiria, na nataka jambo moja tu. Nataka Mama apigwe picha, na nataka aione yeye mwenyewe kabla macho hayajafunga. Hajawahi kujiona ila katika maji ya beseni na katika kijikioo changu kilichovunjika pembe. Amepiga picha kijiji kizima, huyu mume wangu, na mama wa nyumba hana.

Nilimwambia Mama leo. Alikasirika hasa.

"Ule mutu anaweka jicho ku mashini na anaangalia sura ya mutu, hata pua, hata meno. Unataka mukwe wangu aniangalie vile? Baba yako angesema nini?"

Nikasema atafumba macho. Akasema basi atapiga picha ya mti. Nikasema tutamwita mtu mwingine. Akasema hakuna mtu mwingine, na hata akiwepo, ile karatasi ni nani ataiosha? Ataiosha Zéphirin, na sura yake Mama itaelea ndani ya beseni mbele ya mkwe wake. Afadhali afe bila picha.

Jioni nilimsimulia Zéphirin nikitegemea atacheka. Hakucheka. Alisema Mama ana haki. Kisha akaiweka kamera mapajani mwangu na kusema, "Basi utapiga wewe. Utaosha wewe. Mi nitakaa inje."

Mama nilipompelekea habari hiyo alifikiri sana. Akauliza kama nitaweza. Nikasema ndiyo, kumbe nilikuwa sijui hata kuifungua.

11 Novemba

Najifunza. Kamera hii ina kiburi. Ukiisogeza karibu inataka mbali, ukiwa mbali inataka jua. Zéphirin hanifokei. Mimi ningemfundisha mtu kama mimi, ningempiga kofi.

13 Novemba

Mvua.

18 Novemba

Leo niliingia ghalani kuosha filamu kwa mara ya kwanza, ya familia moja ya Lusangi. Zéphirin alikaa nje, mgongo kwenye mlango, ili azoee siku ya Mama. Ndani, katika taa nyekundu, niliishika filamu ncha mbili, mkono juu mkono chini, nikaipitisha kwenye dawa, naye nje akahesabu kwa sauti ili nijue muda. Akihesabu hivyo watu wakipita wanamuuliza anahesabu nini. Anawajibu, "Nahesabu bibi yangu," kisha anaendelea.

Nilipoziona zile sura zinajitokeza, nyeusi kuwa nyeupe na nyeupe kuwa nyeusi, nilipiga kelele kama mtoto. Nimeelewa kwa nini hakuleta cherehani. Nilimwambia hivyo kupitia mlango, ni rahisi zaidi kusema kupitia mlango. Akapotea katika hesabu.

25 Novemba

Mvua imeangusha paa la baraza upande mmoja. Kitambaa cha nguzo na ndege kimekuwa tope. Tumetundika blanketi jeusi badala yake. Barabara ya kwenda mjini imekatika, lori la mizigo halifiki, na filamu iliyobaki ni moja. Zéphirin ameanza kuwarudisha wateja wanaokuja na kuku wao mkononi, akiwaambia kamera inaumwa. Anaitunza filamu kwa ajili ya Mama. Antoine alikuja kutaka picha ya Noeli, amerudishwa, amenuna.

Mama leo amemwita Cécilia kwa jina langu.

30 Novemba

Mawingu. Familia moja iliyotoka mbali haikurudishika, tumeitumia karibu filamu yote. Zimebaki picha mbili za mwisho.

2, 3, 4, 5 Desemba

Mvua, mvua, mvua, mvua. Mama anaketi mlangoni na kuuliza kama jua limetoka. Awali alikuwa akiliona mwenyewe.

9 Desemba

Jua! Limetoka baada ya sala, jua safi lililooshwa. Nilikimbia kumvalisha Mama kitenge chake cha sikukuu. Wakati anajipaka mafuta, Zéphirin aliniambia nijaribu kwanza picha moja kwake, nione mwanga unavyoanguka, kisha ile ya mwisho iwe ya Mama. Alikaa karibu na katikati ya benchi, upande wa ndani, nikamwambia aangalie mlangoni. Alikaa vizuri, shati limepigwa pasi, ile sura yake ya kungojea. Nikapiga.

Mara nikasikia fimbo ya Mama inagonga ukuta. Zéphirin akaruka, akatokea upande wa pili, akaenda zake mtoni. Nilikwenda kumshika Mama mkono. Alikaa karibu na katikati ya benchi, upande wa mlango, akageuza uso ndani kwa sababu mwanga wa mlango unamuuma. Alikaa wima, mikono magotini. Nilimwona vizuri kupitia kamera kuliko nilivyomwona miaka yote niliyoishi naye, na nilimpenda sana, basi. Nikapiga.

Akauliza, "Imeisha? Haikuuma."

10 Desemba

Nitaandika yote.

Nilifunga mlango wa ghala. Zéphirin akakaa nje, mgongo mlangoni, akahesabu. Sura za ile familia zilijitokeza moja baada ya nyingine. Kisha nikafika mwisho. Kipande cha mwisho cha filamu kilikuwa kitupu, hakina mtu. Na kile cha kabla yake kilikuwa na watu wawili.

Sikuzungusha ufunguo. Fimbo ikagonga, nikaenda kumshika mkono, sikuzungusha ufunguo. Baadaye niliivuta filamu mpaka mwisho bila kutazama namba zinazoonekana mgongoni mwa kamera.

Niliichapa hata hivyo, nikafungua kidirisha na kukifunga. Katika beseni likatokea benchi letu, blanketi nyuma, na juu ya benchi wamekaa wote wawili. Zéphirin upande huu, Mama upande ule, kila mmoja mzima, hakuna aliyemfunika mwenzake. Yeye anatazama mlangoni, Mama anatazama ndani. Wanatazamana. Mama yangu na mkwe wake, benchi moja, macho kwa macho, karibu magoti yagusane.

Nje Zéphirin aliacha kuhesabu, akauliza, "Ametokea?"

Nikasema ametokea.

"Iko muzuri?"

Nikasema ni mzuri. Nikaificha ile picha ndani ya gunia la karanga, nikatoka nikamwambia bado haijakauka.

12 Desemba

Mama anauliza picha yake. Nimesema karatasi inasubiri jua.

14 Desemba

Jua kali siku nzima. Mama anauliza. Nimeshindwa kumtazama, utadhani mimi ndimi mkwe.

16 Desemba

Nilifikiria kuikata kwa mkasi katikati. Nilishika mkasi. Lakini ukimkata Zéphirin, mkono wa Mama nao unakwenda, na filamu nyingine haitafika kabla ya mwezi wa pili, na leo asubuhi Mama alimimina uji pembeni ya bakuli. Nikiikata au nikiificha, hatajiona kamwe. Niliurudisha mkasi.

18 Desemba

Nimemwambia Mama. Nilipiga magoti mlangoni kwake, nikamweleza ufunguo, nikamweleza benchi, nikasema kosa ni langu, Zéphirin hajaiona wala hajui. Akanyoosha mkono.

Alitoka nayo juani, akaisogeza mpaka karibu iguse kope, akaisogeza kidogo kidogo kutoka upande hadi upande, jinsi anavyochambua mchele. Alikuta uso wake kwanza. Akagusa shavu lake, akagusa karatasi. "Nimekuwa muzee," akasema, bila huzuni. Kisha akaisogeza upande wa pili, na mimi nikafumba macho.

Alipitisha kidole juu ya upande ule.

"Ni ule?"

Nikasema ndiye.

"Kumbe iko mutoto tu," Mama akasema. "Myaka yote nilizani iko muzee. Anakohoaka sawa muzee. Kumbe iko mutoto tu, na anaogopa."

Nikamwambia Zéphirin atatoa kuku, hata wawili, kwa ajili ya mashine. Mama akatikisa kichwa. Akasema mashine itoe kuku wake, ni haki. Lakini na yeye anadaiwa, kwa sababu leo yeye ndiye aliyemtazama, tena kwa kusudi, tena sana. Akanituma nikamkamate yule jogoo mwekundu, yule yule wa kona ya ghala.

Jogoo amerudi kwa Zéphirin akiwa na picha. Mama ameruhusu aione, mara moja.

Zéphirin aliishika kwa ncha za vidole. Kwanza alisema kama fundi, "Hukuzungusha ufunguo." Kisha akaitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Hii pua," akasema. "Kumbe ilitoka huku."

Akaenda nyuma ya ghala, akajifanya anatafuta kuku wa kumpelekea Mama. Alikaa huko mpaka macho yakakauka.

25 Desemba

Noeli. Antoine amesamehe. Mama haoni sahani.

13 Januari 1957

Macho ya Mama yamefunga. Hakulia, nimelia mimi. Picha iko ndani ya kitenge chake, kiunoni, anaishika akiongea na watu. Akimwonyesha mgeni anajua upande upi ni wa nani, kwa sababu amekunja kidogo pembe ya upande wake.

3 Februari

Lori limefika, filamu ziko, familia zinapanga foleni tena na kugombania benchi. Nimepiga nusu yake mimi. Nazungusha ufunguo kabla ya kupumua.

Njia ya Mama imemea nyasi, siku hizi anapita popote anaposhikwa mkono. Leo asubuhi nilimketisha kwenye kona ya ghala aote jua. Zéphirin alikuwa anatoka mtoni na ndoo mbili. Mama akasikia hatua zake, akaniambia kwa sauti kubwa, uso ukinitazama mimi: "Emilienne, umuambie ule mutu apite mu njia. Majani iko na maji. Mi sioni tena, haya ya kuonana iliisha."

Zéphirin alisimama. Nilimwona anafikiri, ndoo zinamvuta mabega. Kisha akaingia majanini, mpaka magotini, akageuza mgongo, akapita polepole nyuma yetu na maji yakimwagika kwenye suruali.

Nilitaka kumwita arudi njiani. Mama alinishika mkono. Alikuwa anasikiliza nyasi zikimpisha, na kidole chake kilikuwa juu ya ile picha, upande usiokunjwa.

"Umuache," akasema. "Sura yake niko nayo."